"Mfumo umekataa": wenye ofisi zinazotumia AI hapa Dar njooni tuongee ukweli

MtuWaMafaili
Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi natokea Posta, mkono mmoja umeshika chuma mwingine simu, kwa hiyo makosa ya hapa na pale mtanivumilia.

Kazi yangu ni kuzunguka maofisini, kampuni za mikopo, saccos, kliniki, shule binafsi, kuwasaidia wakae sawa na sheria ya taarifa binafsi, na siku hizi nusu ya kazi imegeuka kuwa AI. (Akili mnemba au akili unde, wazee wa lugha mtamalizana wenyewe, ofisini watu wanasema AI na mimi ntasema AI.)

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mteja wangu mmoja, kampuni ndogo ya mikopo, jina naliacha maana ndo wanaonilipa. Nimekaa pale mapokezi namsubiri meneja akaingia mama mmoja wa Mbagala, kajifunga kitenge, ana ndoo ya maandazi yenye mfuniko, kaiweka chini taratibu karibu na kiti changu bado inatoa harufu ya iliki. Amekopa pale mara nne na amelipa mara nne. Safari hii anataka laki sita aongeze jiko la pili. Binti wa kaunta akaingiza namba yake ya simu, akasubiri, akasoma skrini, akatamka yale maneno ambayo kila Mtanzania kashayasikia mahali: "Mama, mfumo umekataa."

"Umekataa kwa nini mwanangu?"

"Sijui mama, umekataa tu. Rudi baada ya miezi mitatu ujaribu."

Mama wa watu hakugomba. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, huo mfumo uko chumba gani, anaweza kwenda kuongea nao? Foleni nzima ikacheka. Mimi nikaomba faili lake.

Kumbe tangu mwezi wa pili wamefunga mfumo mpya wenye AI ndani yake, kila mwombaji anapewa alama, chini ya 55 unapigwa chini hapohapo. Mama alipata 41. Nikamuuliza binti hiyo 41 imetoka wapi, akanituma kwa afisa mikopo, afisa mikopo akanituma kwa kijana wa IT, wa IT akanituma kwa meneja, meneja akasema hayo muulize muuzaji wa mfumo, na muuzaji yuko nje ya nchi anajibu barua pepe tu. Siku tatu ndo jibu likaja. Mama alibadilisha laini ya simu mwezi uliopita kwa sababu ile ya zamani aliibiwa pamoja na simu pale Rangi Tatu, na ule mfumo unaona laini changa kama dalili ya mtu anayejiandaa kukimbia deni. Ile mikopo yake minne aliyolipa yote iko kwenye mfumo wa zamani, hakuna aliyeihamisha. Basi, ndo hicho tu.

Yaani nimepita kwa watu watano na hakuna hata mmoja anayesema "mimi ndo nimemkatalia huyu mama". Kakataliwa lakini hakuna aliyekataa.

Sasa kuna watu wanadhani hapa kwetu AI haina sheria. Ni kweli hatuna sheria inayoitwa Sheria ya AI, ila tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake (PDPC) Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Mle ndani kuna sehemu inayohusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, na wengi hawajawahi kuifungua. Kwa lugha ya kaunta inasema hivi: uamuzi ukimgusa mtu kisawasawa na ukawa umefanywa na mashine tupu, mtu anatakiwa aambiwe kwamba ni mashine iliyoamua na ana haki ya kudai uangaliwe upya. Ina mianya yake, mfano masuala ya mkataba, lakini msingi ndo huo. Yule mama alivyouliza mfumo uko chumba gani alikuwa anadai haki yake kisheria bila kujua, na foleni ikamcheka.

Ndo maana nikifika ofisi mpya siku hizi sianzi na sera. Naomba karatasi kubwa tunachora mistari, safu ya kwanza chombo gani cha AI mnatumia, ya pili kinagusa taarifa za nani, ya tatu nani anajibu kikileta kizaazaa, jina la mtu, siyo "idara". Safu ya kwanza meneja anajaza moja au mbili anasema tumemaliza. Halafu namwomba saa ya chai nipite kwenye meza. Aisee. Mhasibu anapesti jedwali la mishahara kwenye ChatGPT apangiwe, sekretari anaandikiwa barua, wa masoko anatengenezewa picha, dereva kaweka programu inayotafsiri mazungumzo na wateja Wachina, yule wa mapokezi ana kitu kwenye simu kinachorekodi vikao na kuandika muhtasari, vikao vya bodi! Meneja aliniambia wanatumia AI moja.

Safu ya tatu huwa tupu kabisa. Hapo ndo kazi inapoanzia na hapo ndo watu wanaponichukia.

Ofisini kwenu hiyo safu ya tatu ina jina la nani? Naomba kuwasilisha.

chapati_mbili
Siti ya mbele nimeshaweka begi. Kahawa na kashata ziko hapa, endeleeni.

Mjomba wa Gongolamboto
Mama alipata mkopo au hakupata? Unatuachia njiani unaturukia na vifungu.

MtuWaMafaili
Alipata mjomba. Afisa mikopo alishuka stoo akaleta faili la karatasi lile la zamani, akavaa miwani, akapiga kalkuleta, hata robo saa haikufika, laki sita. Ila wasiwasi wangu ulikuwa kwa wale ambao hakuna mtu wa mafaili aliyekaa mapokezi siku waliyokuja. Tukatoa orodha ya wote waliokataliwa tangu mwezi wa pili tukawatenga wateja wa zamani waliobadilisha laini, na kwa kweli hakuwa peke yake. Wamepigiwa simu mmoja mmoja. Mwingine alishakwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali.

Kisu Butu
Mnapenda sana kujifunga kamba wenyewe. Wachina na Wamarekani wanakimbia na AI sisi tunakaa kujaza fomu. Mimi nina duka la vipuri Kariakoo na watu sita tu, nimeweka AI inajibu wateja WhatsApp usiku nikiwa nimelala, asubuhi nakuta oda. Sasa nianze kuajiri afisa wa ulinzi wa taarifa, niandike sera, nitembee na wakili? Si bora nifunge nirudi Mbeya nikalime viazi.

MtuWaMafaili
Kisu Butu usirudi Mbeya bado. Hoja yako nusu naikubali, kuna watu wanalichukua hili jambo na kuligeuza mradi wa kutisha wenye maduka. Wewe hauhitaji kitabu cha kurasa 60. Ila nikuulize, hiyo AI yako ikimwambia mteja "gearbox hii ina warranti ya mwaka" na wewe huna warranti ya mwaka, utamjibu nini akija na skrinishoti?

Kabla hujajibu, Canada limetokea hili. Shirika la ndege la Air Canada lilikuwa na chatiboti, mashine ya kujibu wateja, kwenye tovuti yake, abiria aliyefiwa na bibi yake akauliza kuhusu nauli ya punguzo la msiba, chatiboti ikamwambia kata tiketi sasa halafu omba punguzo baadaye ndani ya siku 90. Utaratibu halisi wa kampuni haukuwa hivyo, wakamkatalia. Akaenda kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, na kampuni ikajitetea kwamba chatiboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe, yaani kama vile ni mtu baki! Februari 2024 baraza likautupilia mbali utetezi huo, wakaamriwa kulipa kama dola 800 na ushee za Canada. Hela ndogo, ila aibu imezunguka dunia nzima. Ile ndo "mfumo umekataa" ya Wazungu.

Kwa hiyo duka lako linahitaji vitu viwili tu kwa sasa. Mteja ajue anaongea na mashine, na bei na warranti isitoke humo bila wewe au kijana wako kuthibitisha. Hiyo unaiandika nyuma ya risiti inatosha. Na namba za wateja usizigawe ovyo. Habari ya kujisajili kwenye Tume ya taarifa binafsi ipo na muda wa hiari ulikwisha tarehe 30 Aprili 2025, kwa hiyo usinielewe vibaya kwamba duka dogo halihusiki.

Kisu Butu
Warranti nimeenda kuangalia sahivi. Imewaahidi watu wawili miezi sita. Nimeizima.

chapati_mbili
Hahaha mzee wa vipuri kaja kupinga kaondoka na hasara. Ongeza kahawa.

Bi Shani
Mimi ni HR, kampuni ya usambazaji, jina weka pembeni. Nafasi moja ya msaidizi wa stoo tukapata maombi mia nne na kitu. Mia nne! Mimi na mwenzangu mmoja na macho mawili mawili. Tukanunua mfumo unaosoma CV na kuzipanga, nachukua ishirini za juu naita usaili. Hivi na mimi ndo nafanya kosa? Maana bila hiyo nalala ofisini.

MtuWaMafaili
Dada Shani hujafanya kosa kuomba msaada, swali ni hizo 380 za chini nani kazigusa. Amazon walijaribu kitu kama hicho, shirika la habari la Reuters likakiandika Oktoba 2018. Modeli ilifundishwa kwa CV za miaka kumi nyuma ambazo nyingi zilikuwa za wanaume, ikajifunza kwamba mwanaume ndo mfanyakazi mzuri, CV ikiwa na neno kama "ya wanawake", mfano klabu ya wanawake, inashushwa alama. Wakajaribu kurekebisha, mwisho wakaiua. Na wale wana wataalamu kuliko mtaa mzima wa Samora.

Jaribu hivi, haigharimu kitu. Chukua CV moja iliyopanda juu, ibadilishe kitu kimoja kimoja, ya Grace ifanye ya Mwanaidi, ya Mikocheni ifanye ya Buza, chuo kikubwa kifanye VETA (chuo cha ufundi), uzoefu uache uleule, na kila mara uiingize tena. Alama zikicheza wakati uzoefu haujacheza umeshapata jibu. Halafu chota kumi bila kuchagua kutoka zile za chini uzisome kwa macho yako.

Bi Shani
Naogopa hata kujaribu lol. Kesho ntajaribu.

Mwanasheria Njaa
Mleta uzi umeeleza vizuri ila umeruka mambo mawili ambayo yanawaumiza watu, na mimi nakula kwa hayo kwa hiyo niruhusu.

La kwanza, sheria yetu inaposema taarifa nyeti haiishii kwenye afya na dini kama wengi wanavyodhani baada ya kusoma makala za Ulaya. Ya kwetu imetaja pia miamala ya kifedha ya mtu, alama za kibayometria kama za vidole, taarifa za watoto. Kwa hiyo ile kampuni ya mikopo inayovuta historia ya miamala ya simu ya mama wa maandazi inashughulika na taarifa nyeti, na kwa kawaida hiyo inataka ridhaa ya maandishi. Kale kakitufe ka "nakubali" kwenye programu ya mkopo ambako mtu anabonyeza huku anapanda daladala, mimi nisingekategemea mahakamani.

La pili, umesema muuzaji yuko nje ya nchi ukapita kama vile si kitu. Taarifa zikivuka mpaka kuna masharti yake, na kanuni za 2023 zinataka kibali cha Tume. Mhasibu wako anayepesti mishahara kwenye ChatGPT, seva ziko wapi? Haziko Ubungo. Na faini ya kampuni kwenye baadhi ya makosa ya kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kufika shilingi bilioni 5. Bilioni.

MtuWaMafaili
Nimepigwa kwa haki. Hilo la miamala kuwa taarifa nyeti ningeliweka juu kabisa, nilikuwa naangalia kituo changu.

Kisu Butu
Bilioni 5 kwa duka la vipuri mtaniuza na mimi mwenyewe.

Mwanasheria Njaa
Hicho ni kiwango cha juu mkuu, cha chini ni milioni moja. Usizimie.

nesi_wa_zamu
Jamani nami nichangie ila msinitafute. Kwenye kliniki ninayofanyia daktari anaongea kwenye simu yake, AI inageuza kuwa maandishi, anakopi anaweka kwenye faili la mgonjwa. Inaokoa muda sana sitaki kudanganya, zamani alikuwa anaandika mpaka saa tatu usiku, sasa saa kumi na moja tumemaliza tunaondoka. Tulimwambia dokta taarifa za wagonjwa hizo, akasema "sitaji jina." Hapo pana shida au hamna?

MtuWaMafaili
Dada nesi hili la "sitaji jina" nalisikia kila kliniki. Nilikaa na daktari mmoja (siyo wako) akanionyesha alivyoongea, hakutaja jina kweli. Kasema "mjamzito miaka 43, mapacha, mwalimu wa shule ya msingi, anatoka Kigamboni, ana virusi, mume hajui". Nikamuuliza dokta, Kigamboni kuna walimu wangapi wa miaka 43 wenye mimba ya mapacha? Akanyamaza, akaweka simu mfukoni. Jina lilikuwa halina kazi tena hapo, kila kitu kingine kimeshamtaja.

Na kuna hatari ya pili ambayo siyo ya siri. Hizi AI zinakosea Kiswahili, hasa chetu cha kuchanganya. Nimeona "hana mzio wa penisilini" imeandikwa "ana mzio wa penisilini". Herufi moja tu. Hiyo ilikuwa upande wa heri, fikiria ingekuwa kinyume. Kwa hiyo kama mtaendelea nayo, kliniki inunue ile yenye mkataba unaoeleza sauti zinakaa wapi na zinafutwa lini, mgonjwa aambiwe, na daktari asome kabla ya kusaini. Mstari kwa mstari siyo kupitisha jicho. Simu binafsi ya dokta ikae mbali na hiyo kazi.

nesi_wa_zamu
Mume hajui... mungu wangu. Ntamwonyesha dokta uzi huu. Halafu ntajifanya sijui nani kaandika.

Profesa wa Kijiweni
AI yenyewe uongo mtupu, hizo ni takwimu zimevalishwa suti. Nyie mnaziandalia sheria kama vile ni mtu.

MtuWaMafaili
Sawa profesa, takwimu zilizovaa suti ndo zilimnyima mama laki sita. Tuendelee.

Kijana wa Makumbusho
Naulizia huku kwetu. Tunafanya kazi za wateja wa Ulaya, wao wanatutumia maombi ya kazi ya watu wa kwao, sisi tunayapitisha kwenye mfumo wetu wa AI unachuja tunarudisha majibu. Mwaka huu mteja mmoja katuma dodoso la maswali tisini, eti sheria ya AI ya Ulaya. Bosi kasema sisi tuko Dar sheria ya Ulaya haituhusu, tujibu "ndiyo" kote. Mimi ndo nimepewa nijibu.

MtuWaMafaili
USIJIBU NDIYO KOTE. Samahani kwa herufi kubwa.

Ile sheria, ilipata nguvu ya kisheria Agosti 2024, inaangalia pia matokeo ya mfumo yanatumika wapi. Wewe unaweza kuwa umekaa Makumbusho unakunywa chai ya tangawizi lakini kama jibu la mfumo wako linatumika kumwajiri mtu ndani ya Umoja wa Ulaya, imekufuata. Na kuchuja waombaji kazi wameliweka kundi la hatari kubwa, pamoja na kupima nani anastahili mkopo. Yale yaliyopigwa marufuku kabisa yameanza kubanwa tangu tarehe 2 Februari 2025, mfano mfumo wa kusoma hisia za wafanyakazi kazini, na faini yake inafika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, kubwa ndo inachukuliwa. Masharti ya kundi la hatari kubwa yalipangiwa Agosti 2026, kisha Novemba 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ikapendekeza yasogezwe mbele. Kwa hiyo tarehe fuatilieni na mteja msikariri.

Lakini mteja hasubiri tarehe. Yeye akikuuliza "nani anasimamia mfumo huu" na wewe ukajibu "ndiyo" atajua hata swali hukulisoma. Jibu mnachofanya kweli. Mahali hamfanyi andika hatufanyi, tutaanza lini na nani anashika. Nimeona kampuni inapata kazi ikiwa na "hapana" kibao zenye tarehe na majina. Zile dodoso za "ndiyo" tisini zinawaletea wakaguzi.

Kijana wa Makumbusho
Bosi alikuwa na wazo la kamera zinazoangalia kama wafanyakazi wamechoka wamenuna. Nimemwonyesha hiyo ya hisia. Kaniambia kamera zilikuwa utani.

muuza_sera_halali
Habari wapendwa, kwa wanaohitaji sera ya AI iliyokamilika ya kurasa 45 inayokidhi viwango vya kimataifa ninayo kwa laki tatu tu, unabadilisha jina la kampuni unasaini. Nipo pm.

MtuWaMafaili
Ndugu yangu sikutukani ila hizi ndo zinanipa kazi mara mbili. Nilifika ofisi moja hapa mjini wakanionyesha sera yao kwa fahari, imejaladiwa, imepigwa muhuri wa bodi, ukurasa wa nne inasema malalamiko yote yapelekwe kwa Kamishna wa Data kwa mujibu wa sheria ya 2019. Hiyo ni Kenya! Bodi nzima imesaini sera inayowapeleka wateja wa Temeke wakalalamike Nairobi.

chapati_mbili
🤣🤣🤣 mimi nimekufa

muuza_sera_halali
Ya kwangu nimeshabadilisha hiyo sehemu.

Mwanasheria Njaa
"Nimeshabadilisha." Kumbe ilikuwepo.

Mjomba wa Gongolamboto
Na hiki cheti cha ISO cha AI wanachotangaza, ni kitu au ni biashara? Kijana wangu anaambiwa na muuzaji ukiwa na mfumo wetu unapata ISO bure.

MtuWaMafaili
Ni kitu mjomba, ni kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO/IEC 42001, kilitoka Desemba 2023, kinahusu jinsi shirika linavyoendesha AI, nani anasimamia, hatari zinapimwaje. Ni hiari. Ila cheti cha muuzaji ni cha muuzaji, ni kama kununua gari toka kwa mtu mwenye leseni ya udereva ukadhani na wewe umepata leseni. Na ISO wenyewe hawagawi vyeti, ni mashirika ya ukaguzi. Kwa ofisi inayoanza mimi nawaambia kuna mwongozo wa hatari za AI wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa Januari 2023, bure kabisa, usome kwanza upate mawazo, hela ya cheti baadaye.

dada_wa_saccos
Sisi tumefunga selfi, mwanachama anapiga picha simu inalinganisha na picha yake ya usajili ndo anatoa hela. Wazee weusi tii wa kule visiwani kwetu inawakataa sana hasa usiku, wanaambiwa wakae kwenye mwanga. Tunadhani ni simu zao mbovu. Ni simu kweli?

MtuWaMafaili
Inaweza kuwa simu, inaweza isiwe. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni tatu kubwa inayosoma jinsia ya mtu kwenye picha. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi likafika 34.7. Ile ilikuwa kazi tofauti na hii yenu na mifumo imebadilika tangu hapo, ila somo la kudai kabla ya kununua ni lilelile, mwambie muuzaji akuonyeshe ilipimwa kwa watu wa rangi gani. Akikuletea prezentesheni yenye picha za Wazungu wanacheka, mrudishe, lete wazee wako kumi wa visiwani wapigwe picha pale mezani, mchana na usiku, uhesabu mwenyewe. Na mzee akikataliwa mara ya pili awe na mlango mwingine, kitambulisho na karani, siyo kuambiwa akae juani.

Bi Shani
Nimerudi. Ile ya Grace na Mwanaidi nimefanya jana jioni. Jina halikubadilisha kitu. Mikocheni na Buza haikubadilisha kitu. VETA imeshuka alama kumi na tisa. Kumi na tisa! Na kazi yenyewe ni stoo, tena fundi wetu bora kabisa pale ni wa VETA. Nimesoma zile za chini, siyo kumi nilizoambiwa, nimesoma themanini mpaka macho yamevimba, nimetoa watu saba wa kuita.

Halafu nikachukua karatasi kubwa ya mleta uzi nikapita meza kwa meza saa ya chai. Mkurugenzi alisema tuna AI mbili. Tumehesabu kumi na moja, tatu ni za kwake mwenyewe. Safu ya tatu tumejaza majina tisa, mbili zimebaki tupu maana kila mtu anasema siyo yangu, na tumezizima mpaka apatikane mwenyewe. Ya mlinzi wa getini bado sijaiandika, anaitumia kuandika kitabu cha matukio, anasema Kiswahili chake kimenyooka tangu aipate na akiniona na karatasi anaificha simu.